Mwaka Mabwawa Yalipolewa

Tulimzika Bwana Makori juzi kule kwao nyuma ya Keroka, na kama ilivyo kawaida ya mazishi ya kwetu, wasemaji walikuwa wengi kuliko wasikilizaji. Kila aliyetaka alipewa kipaza sauti. Walimsifu kwa shule aliyosaidia kujenga, kwa shamba lake la majani chai, kwa watoto aliowasomesha, na mpaka kwa ng'ombe wake wa gredi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, magoti yananiuma, nikingoja mtu mmoja tu ataje mabwawa. Hakuna. Ai! Mtu amefanya kazi nusu ya maisha yake kuhakikisha watu wa chini hawanywi kinyesi cha watu wa juu, halafu anasifiwa kwa ng'ombe. Nilipopita kuaga mwili, kijana aliyekuwa akiongoza foleni akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe ulimjuaje marehemu?" Nikamjibu, "Tulifanya naye kazi ya suweji." Akakohoa kidogo, akanisukuma mbele taratibu. Nilicheka ndani ya gari mpaka binti yangu akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Basi kwa kuwa pale hapakuwa na nafasi ya kuyasema, nitayasema hapa, na yeyote ambaye hapendi harufu afunge pua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti changu kizuri, nikiamini kwamba mji wa Kisii ulikuwa umekaa tu ukinisubiri. Haukuwa. Nilizunguka maofisi mpaka soli zikalegea, ndipo nikaambiwa kuna nafasi ya msaidizi katika idara ya maji. Nikafikiri ni maji ya mfereji. Nikavaa viatu vyeupe na sketi iliyopigwa pasi, na karani akanielekeza nishuke barabara ya Suneka mpaka nione ua wa seng'enge. Harufu ilinipokea kabla ya ua. Mlangoni alisimama mwanamume mrefu aliyevaa kaptura na soksi nyeupe zilizofika magotini, akanitazama miguuni kwanza, kisha usoni. "Karibu, dada," akasema. "Hivyo viatu virudishe nyumbani. Bado ni vichanga." Huyo ndiye Bwana Makori, msimamizi wa mabwawa, aliyesomea kazi hiyo Nairobi na kurudi nayo bila aibu yoyote. Nilitaka kugeuka niondoke. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na haya ya kuonekana nikikimbia.

Mabwawa yalikuwa matatu, yamefuatana kwenye mteremko. La kwanza lilikuwa na kina kirefu, jeusi, na ndipo uchafu wote wa mji ulipotua. La pili lilikuwa pana na la kijani, kijani kizito kama maji ya kuchemshia mboga za chinsaga. La tatu lilikuwa limetulia, na asubuhi bata mwitu walilitumia kama lao. Kutoka hapo maji yalipita kwenye lango dogo la mbao, yakafuata mfereji uliojaa matete, yakaingia mtoni. Nilitafuta mashine, sikuona. Nikamuuliza Bwana Makori mashine iko wapi. Akaelekeza kidole kwenye bwawa la kijani. "Ndiyo hiyo. Humo ndani mna vijidudu visivyoonekana, vinakula uchafu mchana na usiku. Vinahitaji hewa. Hewa vinapewa na hicho kijani, na kijani kinapewa nguvu na jua. Sisi hatusafishi chochote, dada Teresa. Sisi ni wachungaji. Tusivilishe mno, tusivinyime, tusiviue." Kazi yangu ikawa kuteka maji ya kila bwawa asubuhi kwa mtungi wa kioo, kuyainua kwenye mwanga, kuyanusa, kuchovya vikaratasi vinavyobadilika rangi, na kumwambia nilichokiona. Mwezi wa kwanza nilikuwa natapika. Mwezi wa pili nikaanza kugombana na watu waliosema mabwawa yananuka, nikawaambia leo hayanuki, ni upepo tu.

Mtu wa tatu pale alikuwa Ombati, aliyefyeka nyasi kingoni na kuondoa takataka kwa reki yenye mpini mrefu. Ombati alikuwa mlevi na hakumficha mtu. Alifika kazini kila siku kwa wakati, akifanya kazi kuliko sisi sote, na jioni alipanda zake mlimani kutafuta busaa. "Mimi nasafisha ya watu mchana," alikuwa akisema, "jioni nasafisha koo langu." Bwana Makori, ambaye alikuwa Msabato wa kutokunywa hata chai, alimkemea kila Jumatatu, na Ombati alikubali makosa kila Jumatatu.

Mjini hakuna aliyetaka kunipangishia chumba baada ya kusikia ninakofanya kazi. Mwenye nyumba mmoja aliniambia wazi kwamba wapangaji wake wanakula pale. Ndipo Ombati akanipeleka kwa Mama Moraa, mjane aliyekaa kwenye mteremko chini kabisa ya mabwawa, ng'ambo kidogo ya mahali mfereji wetu unapokutana na mto. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, na chumba changu kilikuwa na dirisha dogo la mbao lililofunguka kwenye migomba. Ukilala unasikia mto. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani ya kampuni ya sabuni, yenye picha ya mzungu anayenawa uso, na Mama Moraa alikataa kuitoa kwa sababu, alisema, mwanamke yule amekuwa mgeni mzuri asiyekula. Jikoni kwake palikuwa na mafiga, mtungi mkubwa wa maji ya mtoni, na kiti kidogo cha miguu mitatu ambacho tangu siku ya kwanza kiliitwa changu. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakinipa chakula kwa kunyoosha mkono mbali. Yeye alikaa karibu nami, akamega obokima, ugali wetu wa wimbi, kutoka sahani moja na mimi, akachovya mahali nilipochovya. Nilikula mpaka sahani ikabaki tupu, na naona hata yeye alijua kwa nini.

Kupitia dirisha lile nilisikia mengi. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda mtoni walisimama kwa Mama Moraa kupumzika, na hawakujua kama nimo ndani. "Unaishije na msichana wa choo?" mmoja akamuuliza siku moja. Nilijikunyata pale kitandani kama mwizi. Mama Moraa akamjibu bila kupandisha sauti. "Choo hata wewe unacho. Tofauti ni kwamba huyu anajua chake kinakwenda wapi. Wewe unajua?" Wakacheka wote, hata aliyeuliza. Kumbuka walikuwa wakizungumza Ekegusii, na kwa Ekegusii maneno hayo yalikuwa makali zaidi kuliko ninavyoweza kuyaandika hapa.

Mama Moraa alikuwa na jambo lake kubwa mwaka ule. Kwa miaka mingi tangu awe mjane, aliishi kwa kupika pombe. Busaa yake ilijulikana mpaka Marani. Kisha moyo wake ukageuka, akavunja mitungi yake mwenyewe, akajiandikisha darasa la ubatizo kwa Wasabato, na wazee wa kanisa wakamwambia watamtazama kwanza mwaka mzima. Watu hawakuamini. Wengine walikuja mlangoni wakanong'ona wakiulizia kikombe kimoja tu, na yeye akawaletea uji. Aliacha hata chai, jambo lililomwuma kuliko pombe. Alikuwa anataka ubatizo ule kwa namna ambayo mimi, Mkatoliki niliyebatizwa nikiwa sijui kushika kichwa, sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuutaka. Gauni jeupe alilishona mapema, akalitundika chumbani kwangu kwa sababu kwake palivuja. Kila jioni alikuja kulitazama, akisingizia anakuja kuniuliza kama nimeshiba. Ubatizo ungefanyika mwisho wa makambi, ule mkutano mkubwa wa kila mwaka, kwenye kidimbwi cha mto kilichokuwa chini ya shamba lake. Chini ya mabwawa yetu, basi. Nilipotambua hivyo nilianza kuyanusa yale maji kwa makini zaidi.

Sasa, mwaka huohuo serikali ikaamua kumaliza pombe haramu, na watu wa kanisa wakaunga mkono kwa nguvu zote. Aliyeongoza ni Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, jirani ya Mama Moraa, mtu mwaminifu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Askari walikamata mapipa ya busaa na kangara, ule uji uliochachushwa unaotoa pombe kali ya chang'aa, na vijana wa kanisa wakasaidia kumwaga. Mara ya kwanza waliyamwaga chini pale sokoni. Lo! Kuku walilewa wakaanza kutembea kinyumenyume. Mbwa wa bucha akalala katikati ya barabara na lori likalazimika kumzunguka. Mwishowe mzee mmoja mwenye heshima zake akaonekana amelala kifudifudi, akinywa kwenye kidimbwi cha matope, na wajukuu wake wakimvuta miguu. Ilikuwa aibu kubwa. Mzee Zakaria akafikiri, akapata dawa. Karibu na soko palikuwa na shimo la bomba kuu la maji machafu, lenye mfuniko wa chuma. "Uchafu uende kwa uchafu wenzake," akasema, na watu wakapiga makofi. Wiki nzima wakafunua mfuniko, wakamimina pipa baada ya pipa, wakaimba wimbo, wakafunika. Hakuna aliyejua linakoishia lile bomba. Kwa watu wengi wa mji, kitu kikishaingia shimoni kimetoka duniani.

Sisi hatukujua chochote. Nilichojua ni kwamba asubuhi moja bwawa la pili halikuwa la kijani. Lilikuwa la kijivu, limetoka povu kingoni, na kufikia siku zilizofuata likageuka jekundu kama matope yenye kutu. Bata wakaondoka. Vikaratasi vyangu vilionyesha maji yamekuwa makali kama maziwa yaliyoganda. Na harufu! Haikuwa ile tuliyoizoea, ambayo ina heshima yake. Hii ilikuwa ya uji uliooza ndani ya kiatu. Bwana Makori alisimama kingoni, akiuinua mtungi wa kioo kwenye mwanga na kuushusha, akiuinua tena. Ombati akaja, akachuchumaa, akanusa. Akanusa tena akiwa amefumba macho. "Bwana mkubwa," akasema, "hii ni kangara. Tena ya mahindi meupe." Bwana Makori akamwambia aache mzaha. "Sio mzaha," Ombati akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli, sijui kwa sababu ya bwawa au ya kangara. "Bwawa limelewa."

Na ndivyo ilivyokuwa; Ombati alipanda mpaka sokoni, akarudi na habari yote ya lile shimo. Bwana Makori akanieleza: kwa vile vijidudu, pombe ni chakula, tena chakula kingi mno kwa mara moja. Vinakula kwa fujo, vinamaliza hewa yote, vinakufa, na kijani kinakufa navyo. Bwawa likishakufa, maji yanapita yalivyo, na yalivyo ni yale yaliyotoka vyooni. Mara moja tukateremsha mbao za lango na kuziba kwa udongo, isitoke hata tone kwenda mtoni. Bwawa la tatu lilikuwa bado na kijani kidogo. Basi tukaanza kazi ambayo mgongo wangu unaikumbuka mpaka leo: kuchota kwa madebe kutoka la tatu, kupandisha, kumwaga kwenye la pili, kama mtu anayeomba mbegu kwa jirani baada ya yake kuungua. Tukanyunyiza chokaa. Tukachota tena. Lakini maji machafu ya mji hayangojei, yaliendelea kuingia, na mvua nayo ilikuwa inanyesha. Bwana Makori alichomeka kijiti kingoni kuona maji yanavyopanda. "Tukiachwa hivi tutalifufua kabla ya kufurika," akaniambia. "Tukipigwa tena, lango halitasaidia. Yatapita juu ya ukingo na kwenda mtoni, na watu wa kule chini watayateka bila kujua."

Na tungepigwa tena. Ombati, ambaye tangu siku ile alikuwa akiifuatilia misako kwa huzuni, alileta habari kwamba msako mkubwa kuliko wote umepangwa kabla ya makambi, na mapipa yameshajaa ua wa chifu. Jioni ileile Bwana Makori aliteremka nami mpaka kwa Mama Moraa, kwa sababu ilikuwa siku ya darasa la ubatizo na Mzee Zakaria alikuwa pale. Tulimkuta amekaa na bakuli la uji wa wimbi. Bwana Makori alieleza kwa utaratibu, akachora hata mabwawa matatu kwa kidole mezani. Mzee Zakaria alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti, ni wa dhehebu gani?" Nikasema mimi ni Mkatoliki. "Ahaa," akasema, kana kwamba kesi imekwisha. "Sasa Mkatoliki amekuja kutetea pombe." Haki nilichemka! Nikamwambia, "Mzee, heshima yako, mimi natetea maji. Pombe mwageni mpaka ziishe duniani, nitawashikia pipa. Ila msizimwage kwenye bomba." Bwana Makori alinikanyaga mguu chini ya meza. Akamwambia mzee aje aone bwawa kwa macho yake. "Niache kazi ya Bwana nikaangalie choo?" Mzee Zakaria akauliza. Lakini hakuwa mtu mbaya, na nitakuwa mwongo nikimfanya mbaya. Aliweka bakuli chini akauliza swali la haki. "Haya, nimekusikia, ndugu Makori. Sasa tuimwage wapi? Nikiimwaga chini, watu wanalamba. Nikiimwaga mtoni, ni mtoni. Nimewaomba watu shimo shambani mwao, hakuna hata mmoja aliyekubali. Nani anataka pipa la kangara lionekane likiingia kwake? Niambieni wapi."

Bwana Makori akarudisha kidole mezani, kana kwamba shimo lingejichora lenyewe. Ndipo Mama Moraa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Kwangu."

Mzee Zakaria alimtazama kama hakusikia. "Mama, wewe? Umebakiza siku chache tu. Unajua watu watasema nini mapipa yakiingia kwako? Hata mimi wataniuliza, na sijui nitawajibu nini." "Watasema nimerudia," akasema Mama Moraa. "Na kamati ya kanisa inaweza kukurudisha darasani mwaka mwingine," mzee akasema. "Najua." Akaketi kwenye kile kiti changu cha miguu mitatu, mwiko bado mkononi, na akaanza kuzungumza taratibu, akitazama sakafu. Kabla ya mabwawa kujengwa, alisema, maji ya mji yalishuka kwa mtaro wazi mpaka mtoni. Hakuna aliyejua, kwa sababu mto ulionekana safi. Kiangazi kimoja mto ukapungua, na mtoto wake wa mwisho, Nyamweya, akaanza kuhara asubuhi. Kufikia siku iliyofuata alikuwa mwepesi mkononi kama nguo. "Nilimpa maji," akasema. "Alikuwa anaomba maji, nami nikawa nampa yaleyale. Ninyi mlipokuja kuchimba yale mabwawa, watu wote hapa walinung'unika juu ya harufu. Mimi sikunung'unika. Tangu mmechimba, sijasikia mtoto amekufa hivyo huku chini. Nibatizwe au nisibatizwe, hayo maji hayatachafuka mimi nikiwa na shamba la kuchimba shimo."

Mimi ndipo nilipoelewa kazi yangu. Miezi yote ile nilikuwa nachovya vikaratasi na kutaja rangi, na sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyekuwa mwisho wa ule mfereji. Kumbe nilikuwa nakula naye sahani moja. Nililia pale mbele ya wazee bila kuficha, na Bwana Makori alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

Mashimo tuliyachimba juu ya shamba, katikati ya migomba, mbali na mto, mahali Bwana Makori alipopachagua baada ya kutembea huku na huku akipima mteremko. Ombati alichimba kuliko wote. Mapipa yakaletwa mchana kweupe, kwa amri ya Mama Moraa mwenyewe, maana alisema kitu kikifichwa ndipo kinanuka. Mteremko mzima ulisimama kutazama. Vijana wa kanisa walimimina, sisi tukatupia majivu na udongo, tabaka juu ya tabaka, na Ombati alisimama amevua kofia kama yuko makaburini. "Poleni," alisema kwa kila pipa. Hata Mzee Zakaria aliinamisha kichwa ili tusimwone akicheka. Lakini nilisikia wanawake wawili ukingoni mwa shamba. "Mtaona," mmoja akasema. "Usiku ataifukua." Na mwenzake akajibu, "Nilijua tangu mwanzo. Mpika pombe ni mpika pombe." Mama Moraa alisikia pia. Alikuwa anatandaza majani ya migomba juu ya udongo mbichi, na aliendelea kutandaza.

Maneno yakapanda mlima. Ijumaa mchana kamati ya kanisa ilikutana nyumbani kwa Mzee Zakaria, nami nilikuwa jikoni kwake na wanawake tukimenya ndizi za wageni wa makambi. Ukuta ulikuwa wa udongo, na sauti zile zilikuwa za watu waliozoea kuhubiri. Mmoja alisema haiwezekani kumbatiza mtu ambaye ardhi yake ina kangara kuliko kilabu. Mwingine akasema hakuna haraka, mwaka mmoja si mrefu. Nilisubiri nisikie Mzee Zakaria. Hakusema neno. Kisu kilinikata kidole, mama mmoja akanifunga kitambaa, na kufikia hapo walikuwa wameshaanza sala ya kufunga. Sikujua wameamua nini. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Moraa amelitoa gauni na kulipiga pasi ya makaa. Tulikula viazi vitamu.

Nami nilikuwa na hofu yangu nyingine. Bwawa lilikuwa limefufuka, ndiyo. Kijani kilianza kama vumbi kwenye kona moja, kikaenea, na asubuhi moja Ombati alipiga kelele mpaka tukafikiri ameanguka ndani, kumbe bata wamerudi. Maji yalikuwa karibu kabisa na ukingo, hatukuweza kungoja zaidi, na katikati ya wiki ile ya makambi Bwana Makori akaondoa mbao moja ya lango, kisha nyingine, nami nikisimama na mtungi wangu. Yalitoka maangavu. Niliyapima mpaka vikaratasi vikakaribia kuisha, na kila mara majibu yalikuwa mazuri. Lakini ni jambo moja kusoma karatasi, na jambo jingine kujua kwamba mama anayekulisha atazamishwa mzima mzima ndani ya kile ulichokipima.

Siku ya Sabato ukingo wa mto ulijaa watu mpaka kwenye migomba. Kwaya iliimba, mchungaji mgeni akaingia majini mpaka kiunoni, na waliovaa nguo nyeupe wakashuka mmoja mmoja. Mimi nilisimama upande na Ombati, ambaye alikuwa amenyoa ndevu. Bwana Makori alikuwa mbele, mikono kifuani, na soksi zake nyeupe zimeloa tope bila yeye kuona. Mama Moraa alisimama mwisho wa mstari. Walibatizwa vijana, wakabatizwa mume na mke wa Suneka, akabatizwa msichana aliyepiga kelele kwa baridi. Kisha mchungaji akafunga Biblia iliyokuwa mikononi mwa msaidizi wake na kuuliza kama wote wamekwisha. Mama Moraa alikuwa bado amesimama pale, miguu mitupu kwenye nyasi, na watu walimtazama yeye na kutazama pembeni. Nilihisi nataka kumkimbilia nimfunike na shuka.

Mzee Zakaria akatoka kwenye kundi la wazee. Hakuvua viatu. Alimshika Mama Moraa mkono, akateremka naye mpaka maji yakamfikia mapajani na suti yake ya Sabato ikaanza kuelea. Akageuka akatutazama sisi wote wa ukingoni. "Mmesema sana wiki hii," akasema kwa ile sauti yake. "Mimi nimenyamaza, kwa sababu nilikwenda kwanza kuangalia. Nimekwenda kule juu kwenye mabwawa, nimeona tulichokifanya sisi, nimeona na alichokizuia huyu. Kama maji haya yanafaa kubatiza watoto wenu leo, ni kwa sababu ya shamba lake. Mchungaji, bado mmoja."

Hakuna aliyeimba. Mchungaji akanyanyua mkono, akasema maneno yake, akamzamisha. Alikaa chini kidogo zaidi ya wengine, au labda ni mimi niliyekuwa nimeshikilia pumzi. Akaibuka akikohoa, kitambaa kimemtoka kichwani, mvi zote nje, akipapasa hewani mpaka Mzee Zakaria akamshika begani. Akafuta macho. Akaangaza ukingo mzima akipita nyuso za wazee, za kwaya, za wale wanawake wawili, mpaka akaniona, mimi Mkatoliki pembeni ya mlevi.

"Teresa!" akaita. "Mwanangu, nimeyameza!"

Bwana Makori aligeuka kunitazama, uso umempauka. Mama Moraa akalamba midomo, akawaza kidogo, kisha akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo wa miaka, maji yakimtiririka kidevuni.

"Ni maji tu," akasema. "Mwanangu, ni maji tu!"